Jina la mtu wa katikati

Leo siongei siasa wala bei ya unga. Naongea muziki. Lakini mtaona mbele kwamba muziki pia una makaratasi yake, una feza zake, na una watu wake waliosahauliwa. Mmoja wao nilimsahau mimi mwenyewe, na njo sababu naandika.

Ilianzia ku ndoa moja hapa Lubumbashi. Bibi-arusi alipoingia mu sale, wakaweka sauti ya Céline Dion, ile «All by Myself» aliyoimba 1996. Watu wakasimama, bamama wakapiga vigelegele, simu zote juu. Mimi nikacheka kimoyomoyo, juu ule wimbo unaongea habari ya mtu aliyechoka kuishi peke yake! Si wimbo wa kumwingiza bibi-arusi hata kidogo. Lakini nani alikuwa anasikiliza maneno? Ni zile violoni njo zilikuwa zinatubeba.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, aliyefundisha muziki ku masomo ya masista miaka mingi, akaniinamia ku sikio.

«Unajua hii wimbo ni ya nani?»

«Ya Céline, baba.»

Akatikisa kichwa. «Hapana, mwanangu. Ni ya Murusi moja. Alishakufaka zamani.»

Mzee alisema kweli. Mrusi huyo ni Sergei Rachmaninoff. Mu mwaka wa 1897 simfoni yake ya kwanza ilipigwa vibaya na ikachekwa, naye akavunjika moyo, miaka ikapita karibu bila kutunga kitu. Daktari mmoja, Nikolai Dahl, njo alimsaidia kusimama tena. Kisha akatunga Konserto ya pili ya piano na orkestra, akaipiga yote yeye mwenyewe mu Moscow 1901. Na aliitoa kwa heshima ya Dahl, jina la daktari likaandikwa juu ya kazi. Mshike hilo jambo: mtunzi mkubwa vile hakuona haya kuandika jina la mtu aliyemsaidia, hata kama yule mtu hakuandika nota moja.

Mu 1975 Mmarekani Eric Carmen akachukua melodi ya sehemu ya pili ya konserto ile, akaitia maneno ya kizungu, akaimba. Njo «All by Myself» ya kwanza, miaka makumi mawili na moja mbele ya Céline. Carmen alifikiri ile muziki imekwisha kuwa mali ya watu wote. Mu Marekani ilikuwa vile kweli, lakini mu inchi zingine sheria ilikuwa ingali inailinda, juu Rachmaninoff alikufa 1943 tu. Wale wenye kulinda mali ya marehemu wakamfikia, wakaelewana: sehemu ya feza iende kwao, na jina la Rachmaninoff liandikwe pamoja na la Carmen. Na Carmen hakuwa wa kwanza kuingia mu shamba lile. Tangu 1945 Frank Sinatra alikuwa amekwisha kuimba «Full Moon and Empty Arms», ambayo melodi yake inatoka mu sehemu ya tatu ya konserto ile ile.

Mbele ya kuendelea, tupatane juu ya neno moja. Sisi Wakongomani tukisema «orkestra», kichwa kinakimbia kwa African Jazz ya Kabasele ao OK Jazz ya Franco: magitare, tumba, saksofoni, na waimbaji mbele. Orkestra ninayoongea leo ni ile ingine, ya simfoni: violoni nyingi, alto, selo, kontrabasi, filimbi, tarumbeta, ngoma kubwa, na mtu mmoja mbele mwenye kijiti. Pale hakuna mtu anapiga kitu alichobuni pale pale. Kila mmoja ana karatasi yake, na kila karatasi iliandikwa na mtu.

Sasa, namna gani mwimbaji wa kawaida aliweza kuimba mbele ya kundi kubwa vile? Zamani haikuwezekana. Ili sauti ipite juu ya violoni zote, ilibidi uwe umesomea opera, kifua na koo vifanye kazi kama injini. Kilichobadilisha mambo ni mikro. Tangu 1925 makompani ya diski yalianza kurekodi kwa umeme, na mtu akaweza kuimba polepole, karibu kama anakuongelea ku sikio, na orkestra nzima ikabaki nyuma yake bila kumfunika. Bing Crosby alitajirika mu njia ile, na Sinatra nyuma yake. Bila mikro, hata Céline ule usiku wa ndoa angekuwa kazi ngumu.

Basi mlango ukafunguka, na watu wakaanza kuingia mu nyumba za wazee. Elvis Presley peke yake aliingia zaidi ya mara moja. «Can't Help Falling in Love» ya 1961 imejengwa juu ya «Plaisir d'amour», wimbo ambao Martini aliutunga mu Ufaransa 1784. Na «It's Now or Never» ya 1960 ni «'O sole mio», wimbo wa Napoli wa 1898. Kwa huu wa pili kuna kisa ambacho wanasheria wetu watakipenda. Ku karatasi wenyewe walikuwa wawili: Eduardo di Capua wa muziki na Giovanni Capurro wa maneno. Lakini kulikuwa mtu wa tatu, Alfredo Mazzucchi, mwanamuziki aliyefanya kazi na di Capua. Jina lake halikuonekana. Akazeeka, akafa 1972. Binti yake hakukubali, akadai. Mu 2002 tribinali ya Turin ikasema: Mazzucchi naye ni mtunzi wa ule wimbo. Miaka mia moja na ine kisha wimbo kuzaliwa! Dunia nzima iliuimba karne nzima bila kujua kama kuna mtu alikuwa amesimama mu giza.

Huyu mtu wa giza njo nataka tumtazame. Kila mara melodi ya klasiki inapokutana na mwimbaji wa leo, kuna watu watatu. Kuna mwenye melodi, mara nyingi marehemu. Kuna mwenye sauti, njo picha yake iko ku jalada. Na katikati kuna yule aliyekaa na kalamu usiku, akapima: hapa violoni ingoje, hapa selo ishuke, hapa mwimbaji avute pumzi. Wafaransa wanamwita aranjeri. Kwa Kiswahili bora tungemwita mpangaji, lakini mpangaji ni pia yule anayeishi mu nyumba ya mwingine. Na kweli, njo hali yake. Anatengeneza nyumba, anapaka rangi, kisha siku ya sikukuu hakuna anayemwita.

Angalieni «Yesterday» ya Beatles. Mu mwezi wa sita 1965, Paul McCartney alifika na wimbo wake na gitare moja. George Martin, mwenye kusimamia kazi ya kurekodi, akamshauri waongeze violoni mbili, alto na selo. McCartney aliogopa kwanza. Akaomba wale wanamuziki wasitetemeshe sauti sana, isije ikanuka muziki ya zamani. McCartney hakujua kusoma nota. Martin alijua, alisomea ku Guildhall mu London. Basi wakaketi pamoja ku piano, mmoja akiimba mawazo yake, mwingine akiandika. Dakika mbili za muziki, na leo karibu kila korali ya dunia inazijua. Ku orodha ya watunzi waliandika Lennon na McCartney. Mu 1967, kwa «A Day in the Life», Martin huyo huyo akaalika wanamuziki 40 wa orkestra, kila mmoja aanze ku nota ya chini kabisa ya chombo chake na apande polepole mpaka juu. Watu wale wamezoea kufuata karatasi, siku ile wakaambiwa kila mmoja apande mu njia yake. Mpaka leo ukisikia ile sauti inapanda, nywele zinasimama.

Martin yeye alipata heshima, hata wakamwita mtu wa tano wa Beatles. Wengine hawakupata. Mu mwaka ule ule wa 1967, kundi la Procol Harum lilitoa «A Whiter Shade of Pale». Inaanza na ogani inayotembea kama Johann Sebastian Bach, bila kumkopia nota kwa nota. Toa ile ogani, wimbo unabaki mifupa. Aliyeipiga na kuibuni ni Matthew Fisher, lakini ku karatasi waliandikwa Gary Brooker na Keith Reid tu. Fisher alikaa kimya miaka 38. Alipoenda ku tribinali, 2006 wakampa haki, na asilimia 40 ya sehemu ya muziki. Mu 2008 tribinali ya rufaa ikasema: kweli wewe ni mtunzi pamoja nao, lakini feza hapana, umechelewa. Mu 2009 Baraza la Malodi likakata neno la mwisho: sheria haina tarehe ya kumalizika kwa dai kama lile. Fisher akashinda.

Mwingine hakungoja vya kutosha, juu kifo kilimwahi. Mu 1997 kundi la The Verve lilitoa «Bitter Sweet Symphony». Violoni zile mnazijua, hata kama jina hamlijui. Zilitoka mu rekodi ya miaka ya 1960, ambapo orkestra ya Andrew Oldham ilipiga wimbo wa Rolling Stones. Pakawa kesi, na Mick Jagger na Keith Richards wakaandikwa watunzi, feza zikaenda upande wao. Mu 2019 walimrudishia Richard Ashcroft wa The Verve haki yake, na magazeti yakafurahi. Lakini ile sauti ya violoni, ambayo mabwana wale wote waliigombania, iliandikwa na David Whitaker, mpangaji. Yeye alikufa 2012. Ku orodha ya watunzi hakuwamo siku ya kwanza, na hakuwamo siku ya kurudishiana.

Kuna na njia ingine ya kumsahau mtu: kuweka mashini pahali pake. Freddie Mercury na Montserrat Caballé, bibi mkubwa wa opera wa Hispania, walitoa «Barcelona» 1987. Ukisikia unafikiri ni orkestra kubwa, kumbe sehemu kubwa ilitoka mu sinte. Mu 2012, Mercury akiwa amekwisha kufa tangu 1991, waliirudilia na orkestra ya kweli chini ya sauti zile zile. Siwacheki, juu sisi wenyewe mu makanisa yetu tunafanya vile kila siku ya Mungu: kijana mmoja anakanyaga kifungo cha violoni ku sinte, na mama mzee wa nyuma anasema aleluya, malaika wamefika. Sinte si dhambi. Lakini kijana mwenye kupanga zile sauti usiku kucha, nani anamtaja mu matangazo?

Mtasema: hayo ni mambo ya Wazungu, na matribinali yao. Hapana. Tushuke hapa kwetu Katanga, mpaka Kamina. Padri Guido Haazen, wa Ubelgiji, alifika kule mu miaka ya 1950, akaanza korali ya watoto na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin. Safari hii njia ilikuwa ya kurudi. Haikuwa mwimbaji wa leo anaenda kuazima kwa mzee wa klasiki. Misa ya Kilatini, ambayo Mozart na Beethoven waliitungia muziki, njo ilikuja kuingia mu sauti, mu ngoma na mu namna ya kuimba ya watu wa kwetu. Wakaiita Missa Luba. Iliimbwa mu 1958, wakatembea nayo Ulaya mwaka ule ule, ikaingia ku diski, na dunia ikashangaa. Mu 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akatia Sanctus yake mu filimu «if....», ile iliyopata zawadi kubwa ya Cannes 1969.

Ilizaliwa mu kuimba pamoja, mmoja akianza, wengine wakiitika, bila karatasi ya nota mbele yao. Njo maana swali la jina ni gumu. Jina la mfalme liko ku jalada. Jina la padri liko. Joachim Ngoi, mwalimu mwenye sauti ya mbele, naye yuko, kwa wale wanaosoma maandishi madogo. Lakini itikio lile lote, lile linalofanya mtu wa Londoni asimame, lilitoka mu makoo ya watoto wa Kamina. Tukisema «Missa Luba ya Haazen», hatusemi uongo. Tunasema tu nusu.

Na mu Kinshasa, tangu 1994, kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ambayo Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, aliianzisha na watu ambao wengi hawakuwa wamegusa violoni mu maisha yao. Vyombo havikutosha. Kamba zikikatika, waliweka waya za freni ya baiskeli. Filimu «Kinshasa Symphony» ya 2010 iliwaonyesha wakipiga simfoni ya 9 ya Beethoven. Lakini kitu kilichonigusa si Beethoven. Ni kuona kwamba ile filimu inawafuata watu kwa watu: huyu mwenye kutengeneza kontrabasi, huyu mwenye kunyoa nywele mchana na kupiga alto magaribi. Wako na sura. Wako na majina.

Sasa deni yangu.

Nilipokuwa bado mu masomo, korali yetu ilitaka kuimba kitu kipya kwa sikukuu ya mwisho wa mwaka. Tukachukua ile melodi ya polepole ya simfoni ya 9 ya Dvořák, ya 1893. Nikaandika maneno ya Kiswahili. Rafiki yetu mmoja, mwenye kufundisha violoni ku watoto kwa feza kidogo sana, akasema: «Muniachie wiki mbili.» Akarudi na kaye nzima. Violoni tatu, selo moja ya kuazima, gitare ya rumba inayoingia ku mustari wa tatu, na sauti ine za korali. Aliandika yote kwa mkono, kwa mishumaa, juu mtaa wao ulikuwa bila umeme mwezi mzima. Ule usiku watu walilia. Mimi nilipewa mkono na kila mtu.

Programu ya sikukuu nilichapa mimi. Niliandika: muziki, Antonín Dvořák, maneno, jina langu, waimbaji, korali. Basi. Sikumchukia. Nafasi haikukosa. Sikufikiria tu, na labda njo mbaya zaidi.

Miaka ikapita. Siku moja akanipigia simu toka Kolwezi. Masomo moja ilikuwa inatafuta mwalimu wa muziki, na ilitaka mushuhuda wa kazi aliyofanya.

«Iko ile programu yetu,» akaniambia. «Ninayo hapa. Lakini jina yangu haiko.»

Sikujua la kusema. Nikamwambia pole, nikamwambia tulikuwa vijana.

«Mi sitafute feza, ndugu. Natafuta tu fasi yenye kuandikwa ni mimi nilifanya.»

Kazi ilipewa mwingine. Siwezi kusema ni juu ya karatasi yangu peke yake. Lakini hata kile kidogo kilichokuwa mu mkono wangu sikumpa.

Wanasheria wa asosiasio wanajua kuliko mimi: Mapatano ya Berne yanasema kupanga muziki ya mwingine ni kazi yenye kulindwa, bila kuharibu haki ya mtunzi wa kwanza, na Kongo yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu 1986. Lakini sheria inamkuta mtu aliye na karatasi. Na ile karatasi, mara nyingi haitoki ku tribinali. Inatoka kwa sekretari wa korali, kwa mwenye kuchapa programu, kwa yule anayeandika maneno chini ya video ku simu yake. Fisher alingoja miaka 38 mbele ya kudai. Mazzucchi alishindiwa na binti yake, yeye akiwa kaburini. Kumbe mustari mmoja siku ya kwanza ungetosha.

Mimi nimefanya lile nililoweza, hata kama nimechelewa. Niliandika atestasio, nikaitia sahihi pamoja na kiongozi wa korali wa wakati ule na waimbaji wawili, tukafunga pamoja kopi ya kaye yake ya mishumaa, tukamtumia Kolwezi. Nilimuuliza kama naweza kuweka jina lake hapa pia. Akacheka. «Hapana,» akasema, «hapa ni fasi ya kuongea. Wewe liandike ku programu.» Mwaka huu korali inarudilia ule wimbo. Programu imekwisha kuchapwa, nimeisoma mara tatu, na jina lake liko ku mustari wa pili, katikati ya Dvořák na mimi.

Wenye kuwa na korali, na fanfari, na vijana wa sinte: angalieni programu zenu.

Tuko pamoja.